Ateli Ni Nini?

Machi 3

Mvua imeanza na gundi haikauki. Basi kwa kuwa sina la kufanya ila kukaa na kuitazama, nimechukua daftari hili niandike. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane na sijawahi kuweka shajara; siku zote niliona hiyo ni kazi ya watu wenye siri, na mimi siri hainikai mdomoni.

Kwa atakayeliokota: hapa ni karakana ya vitabu vya wasioona. Mimi natengeneza ramani za kugusa. Uzi ni mto, msasa ni bahari, kadi nene ni nchi kavu. Nikishabandika, mashine inabana plastiki ya moto juu yake na ramani zinatoka nakala kwa nakala. Wananiita Gundi kwa sababu vidole vyangu havijawahi kuwa safi tangu niajiriwe. Kaka yangu, aliyenizidi miaka mitano, ndiye mhakiki. Haoni tangu akiwa na miaka sita. Yeye wanamwita Nukta, na hakuna ukurasa wa nukta nundu unaotoka humu bila kupita chini ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Tunaishi nyumba moja, tunafanya kazi chumba kimoja, tunagombana kote kuwili.

Mwaka huu tuna kitabu cha jiografia cha darasa la sita. Lazima kiwe shuleni muhula ukifunguliwa mwezi wa saba.

Machi 4

Gundi haijakauka.

Machi 9

Kazi yetu ya kuhakiki iko hivi: mimi nashika kitabu cha wanaoona na kusoma kwa sauti, kaka anafuata kwa kidole kwenye karatasi ya nukta. Panapotofautiana anapiga meza. "Simama! Hapo koma imeliwa." Kwa kawaida ananisimamisha mara kumi kila ukurasa mpaka nataka kumrushia kitabu. Leo tumesoma kurasa sita na hakupiga meza hata mara moja.

Nikamsifu Fundi, mama wa mashine ya kuchapa, ambaye kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. "Siku hizi huna makosa, una nini?"

"Nimeanza kulala mapema," akasema.

Asubuhi nyumbani kikombe kilimponyoka kaka. Ni cha pili wiki hii. Alikung'uta mkono kama mtu aliyeungua. "Mkono umekufa ganzi, nimeulalia," akasema. Nikamwambia mkono wake unalala kuliko mwenyewe, tukacheka.

Machi 15

Leo tumefika sura ya nne, ya visiwa, na vita vimezuka juu ya neno moja.

Kitabu kinasema "atoli": kisiwa cha matumbawe chenye umbo la duara, na maji katikati. Mkuu wetu, mama mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuutafutia ule wa kusomea, alikuja na penseli yake akasema watoto hawatalielewa. Tuandike "kisiwa pete". Ni Kiswahili safi, na pete kila mtu anaijua.

Nukta akaweka mikono yote miwili juu ya meza. Nikajua leo hatutoki.

"Mkuu, pete ina mlango?"

"Mlango wa nini tena?"

"Basi hiki si pete. Kina mapengo. Bahari inaingia na kutoka, vyombo vinapita. Mtoto nikimwambia pete, atashika duara lililofungwa, na atakuwa ameshika uongo."

"Sawa, lakini hilo atoli nalo si Kizungu tu?"

Hapo kaka yangu akapata raha yake. Akasema la, Wazungu nao waliazima. Ni neno la watu wa visiwa vya Maldivi, wenye lugha yao iitwayo Kidivehi. Wao husema "atholhu", na mabaharia walilichukua huko karne nyingi zilizopita wakaenda nalo makwao. Tena kwa wenyewe si neno la umbo tu. Hata sehemu za utawala wa nchi yao zinaitwa hivyo hivyo, kama sisi tunavyosema wilaya. "Mtu wa huko anaishi ndani ya neno hilo," akasema. "Sasa sisi tukamwite pete?"

"Jamani, Nukta, unataka kulia kwa ajili ya kisiwa?" Fundi akamtania.

"Silii. Ila mtaani tulikokulia mimi nilikuwa naitwa 'kipofu'. Kipofu njoo, kipofu pisha. Hawakukosea, ndivyo nilivyo. Lakini jina nilikuwa nalo, na hakuna aliyeniuliza."

Mkuu akabadilisha miwani, akaangalia dirishani, akasema haya, iwe atoli. Maelezo ya neno atayaandika Nukta mwenyewe, mwisho wa kitabu. Nilijivuna kimoyomoyo. Usoni nilimwambia kaka anapenda kutia chumvi, maana mtaani walimwita pia "mzee wa maswali" na hilo hakulitaja.

Machi 22

Nimeanza vibao vitatu vya atoli. Cha kwanza, mlima wa volkeno umetokeza baharini na matumbawe yameuzunguka kama mkanda. Cha pili, mlima unazama polepole, na matumbawe, kwa kuwa ni viumbe hai vinavyotaka mwanga, yanazidi kujenga kwenda juu. Cha tatu, mlima haupo. Yamebaki matumbawe, na maji pale ulipokuwa mlima.

"Sasa hapo," kaka akaniuliza, "utamwonyeshaje mtoto kitu ambacho hakipo?"

Nikamwambia bahari kwangu ni msasa, kibao cha kwanza mpaka cha tatu. Mtoto aliyepapasa mlima katikati, kisha akakuta msasa palepale, atajua mlima wenyewe umekwenda. Akafikiri kidogo, akasema siku moja moja huwa nina akili.

Machi 23

Mvua. Gundi kama uji.

Aprili 2

Vibao vimekauka hatimaye. Nimepiga na vibandiko vya majina kwa mashine yangu ndogo ya nukta, kimoja nikakinakili mara tatu. Nikampa kaka kibao cha tatu. Akakipitisha kidole, akazunguka duara, akaingia katikati.

"Safi kabisa. Na hapa katikati umepalainisha vizuri, utelezi mtupu."

"Utelezi? Huo si msasa?"

Akaondoa kidole, akacheka. "Nakutania bwana. Kwani we hutaniwi?"

Nilirudi mezani kwangu nikapapasa mwenyewe. Msasa upo, unakwaruza. Naandika hapa kwa sababu tu imenikaa kichwani.

Aprili 10

Nakala za majaribio za sura ya nne zimepelekwa shule moja, watoto wazijaribu.

Aprili 11

Mvua.

Aprili 12

Mvua, na paa la stoo linavuja. Fundi ameweka ndoo nne na kila ndoo ina mlio wake.

Aprili 17

Kaka anataka nisome polepole zaidi na kwa sauti zaidi. Anasema ni kelele za mvua kwenye bati. Nimesoma mpaka koo limekauka. Hakupiga meza.

Asubuhi aliniomba nimfungie vifungo vya shati. "Fanya haraka, tumechelewa." Tangu akiwa na miaka saba hajawahi kumruhusu mtu amfungie kifungo, mama alijaribu siku moja akafukuzwa chumbani. Nilivifunga huku namchekesha, hata sikumbuki nilisema nini.

Aprili 23

Nimefunga mlango wa chumba kwanza ndipo nikaandika.

Imekuja barua kutoka shule ile, ukurasa mmoja wa nukta nundu. Mkuu aliileta mwenyewe amefurahi, akatuita wote. "Nukta, tusomee." Kaka akakaa wima, akaiweka mbele yake, akashusha kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ndugu wachapaji," akasoma. "Tunawashukuru kwa kazi yenu nzuri. Picha za visiwa zimetufurahisha sana. Tunawatakia afya njema na kazi njema. Ni sisi, darasa la sita."

Fundi akapiga makofi. Mkuu akasema ibandikwe ukutani.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega la kaka. Nukta nazisoma kwa macho, ndiyo kazi yangu. Na barua ilikuwa inasema hivi:

"Ndugu wachapaji. Tunaomba kuuliza, ateli ni nini? Ndani ya sura ya nne kuna atoli, lakini chini ya picha mmeandika ateli mara tatu. Ni vitu viwili? Mwalimu hajui na kamusi haina. Wenzangu wanasema atoli ni kisiwa na ateli ni hoteli iliyojengwa juu yake. Mimi nimekataa, kwa sababu nimepapasa na hakuna hoteli. Tafadhali tujibuni kabla ya mtihani. Ni mimi, msichana wa dawati la mwisho."

Kidole cha kaka yangu kilikuwa kinapita juu ya neno "hoteli" huku mdomo wake unasema "afya njema". Kila mwisho wa mstari kilishuka na kurudi mwanzo wa mstari unaofuata, sawasawa, kwa adabu yake yote ya miaka thelathini. "Ndugu wachapaji" alibahatisha tu, maana kila barua inayokuja hapa inaanza hivyo. Mengine aliyatunga palepale, mbele yetu sote.

Nikasema barua nitaibandika mimi. Nimeitia kwenye mkoba.

Na kosa ni langu pia. Kibandiko nilikipiga mimi. Herufi o ina nukta tatu; ya chini ikikosekana inakuwa e. Nilibonyeza vibaya nukta moja, nikamsomea kaka kwa sauti "atoli", na yeye akaitikia "sawa".

Aprili 24

Sikusema kitu siku nzima. Mimi! Fundi ameniuliza kama naumwa.

Aprili 25

Jumapili. Tulikuwa jikoni, anamenya viazi, au tuseme anavichuna maana nusu ya kiazi ilikuwa inaondoka na ganda. Nikaiweka barua mezani.

"Kaka, nisomee tena ile barua."

"Si niliisoma juzi?"

"Nisomee."

Akaacha kisu. Hakuigusa barua. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Inasema nini?" akauliza.

Nikamsomea yote. Nilipofika kwenye hoteli alicheka, kaka yangu huyu, alicheka kweli, halafu akaweka uso kwenye mikono.

Ameniambia yote. Ilianza Desemba. Kwanza asubuhi tu, ganzi ya dole gumba, cha shahada na cha kati. Kisha ikawa mchana. Sasa ni kama kuna kitambaa kati ya kidole na karatasi, na kila wiki mtu anaongeza kitambaa kingine juu. Anajua kuna nukta, ngapi hajui. Tangu Februari anafuata sauti yangu tu.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mambo mengi, kwamba ametuharibia kitabu, kwamba watoto wamekaa darasani wanagombania hoteli ya baharini, kwamba mimi ni dada yake si mgeni. Akaniacha nimalize.

"Mdogo wangu," akasema, "mara ya kwanza nilikuwa mtoto. Nililala naona, nikaamka sioni, nikazoea, watoto wanazoea. Lakini nilikuja kupata macho mengine hapa kwenye kidole, nikasoma dunia nzima. Sasa unaniambia niwe kipofu mara ya pili? Nilisema nikinyamaza labda itapita."

Hasira ziliniishia zote. Nilimkumbatia na viazi vyake. Nampenda huyu mtu kuliko ninavyojua kusema, na wala sikusema.

Aprili 29

Hospitali. Daktari ni kijana mpole. Alimgonga kaka kwenye kifundo cha mkono kwa kidole kimoja, na kaka akaruka kama aliyeshikwa na umeme. Mshipa wa fahamu umebanwa hapo, kwa miaka yote hiyo ya kutoboa nukta kwenye karatasi kwa kalamu ya chuma. Mkono wa kushoto nao umeanza, ila kidogo.

Atapasuliwa wa kulia. Hisia zitarudi? "Labda nusu, labda zaidi, labda zisirudi. Mngekuja Desemba ningewapa jibu zuri zaidi." Hakutulaumu, na ndiyo maana iliuma.

Kaka akamuuliza kitu kimoja tu: katika vidole kumi hivi, kuna kilicho kizima kabisa? Daktari akamwambia vidole vya mwisho vina mshipa mwingine. Havijaguswa.

Mei 2

Tumekwenda kwa Mkuu. Kaka amesema mwenyewe, amesimama, mikono pembeni kama mwanafunzi. Kurasa mia tatu na kumi na mbili amezipitisha bila kuzisoma.

Mkuu alivua miwani na hakuvaa mingine. Kisha akasema kurasa zote zitasomwa upya. Ataazima wahakiki wawili. Kaka akapone kwanza. Nafasi yake itamngoja mpaka mwisho wa Juni. Ikifika siku hiyo asome ukurasa mmoja peke yake, bila mtu kumsomea. Akishindwa, ataajiriwa mwingine. "Na itaniuma," alisema, "lakini watoto wale nao wana vidole."

Akanigeukia. "Na wewe unayekaa naye meza moja, ulikuwa wapi?"

Nikasema sikujua.

Mei 6

Amepasuliwa. Imechukua muda mfupi kuliko foleni.

Mei 7

Anataka chai. Anataka redio. Anataka kujua wahakiki wa kuazima wanasema nini. Nimemwambia wanasema kimya ni kizuri.

Mei 11

Wahakiki wamepata makosa mia moja na tisa. Kaka aliuliza kila moja, nikamtajia. Alikuwa anaitikia kama mtu anayesomewa majina ya msibani.

Mei 20

Nyuzi zimetolewa. Kidole cha shahada hakisikii kitu. Daktari anasema bado mapema.

Jioni kaka alisema yule msichana wa dawati la mwisho hajajibiwa na mtihani unakaribia. Nikapiga mashine, yeye akanitajia. Nainakili hapa nzima.

"Mpendwa wetu. Ateli haipo. Ulikuwa sahihi, na hoteli haipo vilevile. Tulikosea sisi kwa nukta moja. Kuna atoli tu, nayo ni visiwa vya matumbawe vilivyozunguka maji, vyenye mapengo ya kupitia bahari. Zamani katikati palikuwa na mlima. Mlima ulizama polepole sana, na matumbawe hayakuzama nao. Yaliendelea kujenga kufuata mwanga. Neno hili ni la watu wa visiwa vya Maldivi. Wapo wanaodhani lina undugu na neno la lugha jirani lenye maana ya kufunga au kukutanisha, lakini hakuna mwenye hakika, na mimi sitakudanganya mara ya pili. Mara ya kwanza ni pale barua yako ilipofika. Vidole vyangu vilikuwa vinaumwa, sikuweza kuisoma, nikawasomea wenzangu uongo. Nakuomba radhi."

Nikaacha kupiga. "Kaka, hayo ya mwisho mtoto wa watu yanamhusu nini?"

"Yanamhusu. Atasoma kwa vidole maisha yake yote. Ajue kwamba navyo vinaugua, na vikiugua aseme siku hiyo hiyo. Piga."

Nikapiga. Nilikagua kila herufi na kila nukta mara tatu kabla ya kuifunga.

Juni 1

Mvua zinapungua. Tumeanza masomo: kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Kaka anasema kidole hiki hakijawahi kufanya kazi maisha yake yote, kimekaa pale mwisho kinakula bure, sasa zamu yake imefika. Leo amesoma herufi nne kwa saa nzima. A, b, l, na nyingine tumebishana.

Juni 3

Herufi kumi na moja.

Juni 4

Herufi sita. Amesema ni baridi.

Juni 8

Nilimpa ukurasa wa hadithi ya watoto wa darasa la kwanza. Alisoma "baba" akafika kwenye neno la pili akakwama. Nikaona midomo yake inatafuta, nami kwa ujinga wangu nikamnong'oneza: "anakwenda."

Akapiga meza kwa mkono mzima, karatasi zikaruka.

"Usinisomee! Nani amekuambia unisomee? Ndivyo tulivyofika hapa!"

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi, kwenye manyunyu, bila koti. Fundi alimpelekea mwavuli. Kaka alirudi amelowa na mwavuli umefungwa.

Juni 9

Hatuzungumzi. Nyumba ndogo, watu wawili, na chumvi tunaombana kwa kugonga meza.

Juni 14

Nimeisoma shajara hii tangu mwanzo. Sikuwa nimewahi kuirudia.

Yote yamo humu. Vikombe vimo, vifungo vimo, msasa umo. Machi tisa niliandika kwamba hakupiga meza hata mara moja, na nikamsifu Fundi. Mtu anayejua kaka yake kama ninavyomjua mimi hadanganyiki na hayo. Aprili kumi na saba niliandika kwamba aliniomba nisome kwa sauti zaidi. Sikuandika kwamba nilikuwa nimeshaanza kusoma kwa sauti kubwa kabla hajaniomba, na kwamba kwenye maneno magumu nilikuwa natamka herufi moja moja, nikijifanya nina mafua.

Nilijua. Sikulitazama usoni, lakini nilijua. Na Mkuu aliponiuliza nikasema sikujua, na kaka akabeba zigo lote peke yake akiwa amesimama mikono pembeni.

Jana nilijaribu kumwambia jikoni. Nikaishia kusema viazi vimepanda bei. Mimi ambaye siri hainikai mdomoni.

Juni 21

Jua siku ya tatu mfululizo. Gundi inakauka kabla sijabandika, sasa nalalamikia hilo. Anasoma mistari miwili, kwa taabu, anarudi nyuma mara nyingi. Simsaidii. Nakalia mikono yangu.

Juni 26

Kesho kutwa ni siku ya Mkuu. Kaka ameomba ukurasa wa kufanyia mazoezi, wowote, ila uwe mpya kabisa, asiwahi kuusikia kwa mtu.

Nikakaa kwenye mashine yangu nikampigia huu:

"Kaka. Nilijua tangu mwanzo. Nilisoma kwa sauti ili usihitaji kidole. Niliogopa. Ramani zangu zote huwa nazitengeneza kwa ajili yako, hata zile za watoto, na kama wewe huzigusi sijui nazitengeneza kwa ajili ya nani. Nilimdanganya Mkuu nikakuacha peke yako. Nitamwambia. Nisamehe. Nakupenda sana, sikuwahi kukwambia. Gundi."

Nikamwekea mbele yake, nikasema ni ukurasa mpya, nikaenda kusimama dirishani.

Alianza. Nilijua yuko wapi kwa kutazama kidole kinavyokwenda. Alisimama mwanzo kabisa, kwenye maneno ya kwanza, akarudi, akapita tena, akarudi tena. Nikauma mdomo. Kisha akaendelea. Kwenye "niliogopa" alipunguza mwendo. Kwenye ramani alisimama kabisa, kidole kimetulia juu ya karatasi, nami nikatazama nje, mtaani watu wanaanika nguo. Ilichukua dakika arobaini. Sijawahi kunyamaza dakika arobaini tangu nizaliwe.

Alifika mwisho. Akaweka kiganja juu ya karatasi yote.

"Mstari wa kwanza," akasema.

"Mstari wa kwanza una nini?"

"Umeandika 'niliiua'. Kaka, niliiua tangu mwanzo." Akageuza uso upande wangu. "Uliua nini, mdogo wangu?"

Nikaruka nikaichukua karatasi, nikaipeleka kwenye mwanga. Kweli. Herufi j, nukta moja haikushuka, imekuwa i. Niliikagua mara mbili kwa macho yangu haya mazima na sikuiona. Nikabaki nimesimama na machozi yananidondoka kwenye karatasi, yeye anacheka na yeye mwenyewe uso umelowa.

"Irudie," akasema. "Siwezi kupitisha ukurasa wenye kosa."

"Na hayo mengine, kaka?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, nikampa karatasi. Akashuka nayo tena taratibu kwa kile kidole cha mwisho, mstari kwa mstari, mpaka kwenye jina langu.

"Hayo mengine," akasema, "hayana kosa."